Viatu vya Gari la Kale

Msafiri wa miguu ajua ya kuwa kiatu kibaya humchosha kabla njia haijamchosha. Gari nalo lina viatu vyake, navyo ni matairi. Leo twataka kueleza jinsi ya kuchagua matairi ya gari la zamani, lile la kupanda milima na kupita matope, kama vile jeepu ya Willys au Land Rover za kwanza. Pengine mtasema: "Sisi hatuna gari, wala la zamani wala jipya, habari hizi zatuhusu nini?" Ngojeni kidogo. Asiye na gari hupanda gari la mwenziwe, na uhai wake huuweka juu ya matairi manne ambayo hakuyachagua yeye.

Jambo lililonisukuma kuandika lilitokea katika jamaa yangu mwenyewe. Mjomba wangu akaa Nyangezi. Anayo Land Rover fupi ya mwaka 1960, aliyoachiwa na marehemu baba yake. Gari hilo lamzidi mjomba umri. Mlango mmoja hufungwa kwa waya, na asubuhi ya baridi injini haiamki mpaka izungushwe kwa mkono; lakini hupanda mahali ambapo magari mapya hukwama, na majirani wote wamekwisha kulipanda, wengine kwenda sokoni, wengine kwenda hospitali.

Siku moja matairi mawili ya mbele yalikuwa yamekwisha kuwa vipara. Mchuuzi mmoja akamwuzia mjomba matairi mawili yaliyotumika kidogo, mapana, yenye uso mzuri. Mjomba alifurahi. Akaniita nitazame, akasema: "Mwalimu, waona? Sasa mzee huyu ana miguu mipya!" Mimi nami nikasifu, maana sikujua lolote.

Juma lililofuata alishuka Ngomo kuelekea Kamanyola. Ndani walikuwamo mkewe, wajukuu wawili na magunia ya maharagwe. Wanaoijua njia hiyo wajua jinsi inavyojipinda ubavuni mwa mlima, huku bonde limekaa wazi upande wa pili. Mvua ilikuwa imeanza. Katika kona moja mjomba alikata usukani kama alivyokata siku zote, na mbele ya gari ikageuka kwa utii. Lakini nyuma haikufuata. Matako ya gari yalitoka nje, yakazunguka, na gari likasimama limeelekea lilikotoka, nyuma yake imegonga ukingo wa mlima. Lingaligeuka upande wa pili, leo ningaliandika habari nyingine.

Hakuna aliyeumia. Mjomba aliteremka, akayapapasa matairi ya mbele kwa mkono, akashangaa. Yalikuwa mazima, na alama zake katika tope zilionyesha wazi kwamba hayakuteleza hata kidogo. Alipofika Bukavu alimwendea fundi mmoja mzee wa Kadutu na kumwambia: "Fundi, sielewi. Matairi mapya hayakuteleza." Fundi akainama, akasoma maandishi ubavuni mwa matairi, la mbele kisha la nyuma. Akajibu: "Mzee wangu, ndiyo sababu yenyewe. Kwa kuwa hayo ya mbele hayakuteleza, ndiyo karibu yawaue."

Maana ya neno hilo tutaiona. Kwanza yatupasa kulijua gari, kisha kulijua tairi.

Gari lililozaliwa vitani

Mwaka 1940 jeshi la Marekani lilitafuta gari dogo, jepesi, lenye nguvu katika magurudumu yote manne. Kiwanda cha Bantam kilitengeneza la kwanza. Kisha viwanda vya Willys-Overland na Ford vikaunda magari ya namna hiyo kwa wingi tangu mwaka 1941, na vita ilipokwisha mwaka 1945 yalikuwa yamekwisha kupita 600,000. Hiyo ndiyo jeepu.

Baada ya vita jeepu nyingi ziliuzwa kwa raia. Bwana Maurice Wilks, mkuu wa mafundi katika kiwanda cha Rover cha Uingereza, alikuwa nayo moja katika shamba lake kisiwani Anglesey. Akawaza: siku hii ikifa, nitanunua nini? Kutokana na wazo hilo ikazaliwa Land Rover, ambayo ilionyeshwa mara ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Siku zile chuma cha pua kilikuwa haba Uingereza, basi mwili wake ukafanywa kwa aluminiamu. Ndiyo maana Land Rover nyingi za kale hazikuliwa na kutu upande wa juu. Ndugu zake walizaliwa hata Ubelgiji: tangu mwaka 1952 kiwanda cha Minerva kiliunda Land Rover kwa ajili ya jeshi la nchi hiyo.

Jeepu ya Willys na Land Rover fupi za mwanzo zilivaa tairi la kipimo kimoja, yaani 6.00-16. Nalo lilikuwa tairi la nyuzi za mshazari, kwa sababu wakati ule tairi la namna nyingine lilikuwa halijaenea. Springi, usukani, ringi na ekseli za magari hayo zilipimwa kulingana na tairi hilo. Hapo ndipo ilipo siri ya jambo letu.

Somo la kitenge

Watu wengi hufikiri kwamba tairi ni mpira mtupu. Sivyo. Mpira ni nyama tu. Mifupa yake ni nyuzi. Ndani ya kila tairi zimo tabaka za nyuzi ngumu, zamani za pamba, siku hizi za nailoni na nyinginezo, zilizofunikwa mpira kila upande.

Kila mama mshonaji aweza kutufundisha maana ya mshazari. Chukua kitenge ukivute kwa urefu, kufuata uzi: hakinyoki. Kivute toka pembe hata pembe: chanyoka, chalegea, nawe waona vijishimo vya nyuzi vikifunga na kufunguka kama mkasi. Katika tairi la mshazari, tabaka ya kwanza ya nyuzi hupita kwa kuinama toka ukingo mmoja hata wa pili. Tabaka ya pili huinama upande wa kinyume. Nazo hukatana kama miti ya uzio. Tabaka hizo hupita mbavuni na usoni pia. Kwa hiyo ubavu wa tairi huwa mnene na mgumu, wala jiwe lenye makali haliupasui upesi.

Lakini ugumu huo una gharama yake. Kila mara tairi linapokanyaga chini, nyuzi zile hufanya kazi ya mkasi, zikisuguana. Msuguano huzaa joto. Joto huula mpira, na tairi lapungua maisha. Tena, kwa kuwa ubavu na uso vimefungwa pamoja, ubavu ukiinama uso nao hujikunja, na sehemu yake huacha kushika njia. Ndiyo maana gari lenye matairi hayo hupenda kufuata mifereji iliyochimbwa na magari mengine, na dereva hana budi kuusahihisha usukani mara kwa mara.

Mwaka 1946 kiwanda cha Michelin huko Ufaransa kilipata hati ya uvumbuzi wa tairi la namna nyingine, nacho kikaanza kuliuza mwaka 1949. Hilo ndilo tairi la radiali. Nyuzi zake hazikuinama. Zapita moja kwa moja toka ukingo hata ukingo, kama mbavu za mtu zilivyoshuka toka uti wa mgongo. Na chini ya uso wake umezungushwa mshipi wa nyuzi za chuma. Hapo ubavu waweza kuinama peke yake, nao uso wabaki umelala chini sawasawa. Tairi la radiali hushika njia vizuri zaidi, hupata joto kidogo, nalo hudumu sana. Leo karibu magari yote madogo mapya yanavaa radiali.

Yupi basi achague mshazari?

Tusiwadanganye wasomaji wetu. Ikiwa Land Rover yako yapita zaidi katika barabara ya lami, na kwa mwendo wa haraka, matairi ya radiali yenye kipimo kinachofaa, yote ya namna moja, yatakulinda vizuri zaidi. Wenye magari ya kale wengi wamefanya hivyo, nao hawakukosea.

Lakini ziko sababu za kweli za kuchagua mshazari. Ya kwanza ni njia. Penye mawe na visiki, ubavu mgumu ni ngao. Ya pili ni gari lenyewe. Jeepu na Land Rover za kale hazina mtambo wa kusaidia usukani; tairi jembamba hugeuzwa kwa mikono miwili tu, lakini pana hutaka mabega ya mbeba mizigo. Tena ringi zake ni nyembamba: ile ya jeepu ya Willys ina upana wa inchi 4 na nusu tu, wala haifai kuvikwa tairi pana. Ya tatu ni kwamba tairi jembamba, katika tope lisilo na kina, hulikata tope na kufika chini kwenye ardhi ngumu, ambapo pana huelea na kuteleza. Ya nne ni kwa wale wanaopenda kulitunza gari kama lilivyotoka kiwandani. Kwao tairi la mshazari ni sehemu ya historia, kama vile kengele ya kale ilivyo katika mnara wake.

Mpira na nchi yetu

Na tukisema historia, sisi watu wa Kongo hatuwezi kulitazama tairi kana kwamba ni kitu kigeni. Mwaka 1888 Bwana John Boyd Dunlop, mganga wa wanyama huko Belfast, alipata hati ya tairi lenye upepo, alilolifanyia baiskeli ya mwanawe. Mwaka 1895 ndugu wawili Michelin walishindana kutoka Paris mpaka Bordeaux na kurudi kwa motokaa yenye matairi ya upepo. Tangu hapo dunia ikaona njaa ya mpira, na mpira wa porini ulikuwa tele katika misitu yetu.

Wazee wetu walilipa karamu hiyo. Katika Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili, watu walishurutishwa kuingia msituni kugema mitambaa ya mpira. Wake zao waliwekwa rehani mpaka kipimo kitimie, na vijiji vilivyokataa vilichomwa moto. Taarifa ya balozi Roger Casement ya mwaka 1904 iliyaweka mambo hayo mbele ya macho ya ulimwengu, na mwaka 1908 mfalme alinyang'anywa milki yake, nchi ikawa mikononi mwa serikali ya Ubelgiji. Baadaye mashamba ya mpira ya Asia yakaushinda ule wa porini. Lakini Wajapani walipoiteka Malaya mwaka 1942, majeshi ya Wazungu yalikosa mpira, na serikali ya kikoloni ikawarudisha watu wetu msituni kuugema tena. Ndizo siku zile zile jeepu zilipokuwa zikitoka viwandani kwa maelfu.

Mtu akijua hayo, hataliona tairi kuwa kitu cha kutupa ovyo wala cha kununua ovyo. Mpira ulikwisha kuua watu wa kutosha katika nchi hii. Haifai uendelee kuwaua barabarani kwa uzembe wetu.

Soma kabla ya kulipa

Tairi husema lenyewe habari zake. Maandishi yako ubavuni. Tuchukue 6.00-16. Tarakimu ya kwanza ni unene wa tairi kwa inchi, nayo 16 ni upana wa tundu la ringi kwa inchi. Kile kistari kilicho katikati ndicho alama ya mshazari. Ukiona herufi R mahali pa kistari, kama 7.50R16, jua kwamba hilo ni radiali. Mjomba wangu alikuwa na kistari nyuma na R mbele. Laiti tungalijua kusoma herufi moja tu!

Utaona pia neno "ply" au herufi PR pamoja na tarakimu, kama 6PR au 8PR. Zamani ilikuwa hesabu ya tabaka za nyuzi. Siku hizi ni kipimo cha nguvu tu, maana nyuzi za leo zina nguvu kuliko pamba ya kale. Usichague tarakimu kubwa kwa kujivuna. Tairi gumu mno katika gari jepesi halilali vizuri chini. Huruka juu ya mawe, nao waliomo ndani huumia mgongo.

Hapa pana mtego ambao yatupasa kuutaja kwa sauti kubwa. Kipimo cha 6.00-16 ni kipimo pia cha matairi ya mbele ya trekta nyingi za shamba. Tairi hilo laingia katika ringi ya Land Rover bila shida, tena huonekana lina nguvu. Lakini liliundwa kwa mwendo wa trekta, wala si kwa mwendo wa barabara. Utalitambua kwa mistari mitatu minene inayolizunguka uso, na kwa alama ya F2 ubavuni. Mchuuzi akikuambia kwamba "ni lile lile", mshukuru, uondoke.

Mtego mwingine ni tamaa ya ukubwa. Land Rover ndefu ya inchi 109 ilivaa 7.50-16, na vijana hupenda kulivika fupi tairi hilo ili lionekane simba. Tairi la 6.00-16 lina kimo cha karibu inchi 28, la 7.50-16 lakaribia inchi 32. Nini hufuata? Usukani huwa mzito. Injini huchoka mlimani, kana kwamba gia zote zimebadilishwa. Breki hupungukiwa na nguvu, na ekseli za nyuma, ambazo katika Land Rover za kale si imara sana, huweza kukatika. Hata saa ya mwendo husema uwongo: ikionyesha kilometa 60, kwa kweli waenda karibu 68. Fuata kitabu cha gari lako. Waliokiandika ndio waliolipima.

Meno kwa kila njia

Baada ya kipimo, tazama meno ya uso. Jeshi la Marekani liliivika jeepu tairi lenye vipande vinene vya mpira vilivyopangwa sawa, ambavyo havina mbele wala nyuma. Hekima yake ni hii: gurudumu la akiba laweza kufungwa upande wo wote, hata usiku, hata na askari mwenye haraka. Katika udongo laini hufaa. Lakini katika lami hupiga kelele, na lami ikilowa huteleza.

Kwa njia za udongo mwekundu na matope, tafuta meno yaliyoachana, ili tope lipate kutoka gurudumu linapozunguka. Meno yaliyobanana hujaa mara moja, na tairi likawa kama tofali la udongo. Kwa mchanga mambo yageuka: meno marefu huchimba na kulizamisha gari, na uso wenye mistari midogo huelea. Ikiwa meno yana umbo la mshale, tazama alama ya mzunguko ubavuni na kulifunga kadiri inavyoonyesha. Kwa mtu ambaye siku moja hupita lami na siku ya pili tope, meno ya kadiri yafaa kuliko yote.

Umri, mpira wa ndani na ringi

Usidanganywe na meno marefu. Mpira huzeeka hata ukilala ghalani. Tafuta ubavuni herufi DOT. Mwisho wake zipo tarakimu nne. Mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Maana yake 2419 ni juma la 24 la mwaka 2019. Ukikuta tarakimu tatu tu, tairi hilo liliundwa kabla ya mwaka 2000. Liache, hata kama halijagusa barabara. Viwanda vingi vyashauri kulikagua tairi kila mwaka likipita miaka 5, na kutolitumia likipita miaka 10. Likunje kwa mikono na kutazama: nyufa ndogo mbavuni ndizo mwanzo wa msiba. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wa tairi hauzibiki.

Ringi za jeepu na Land Rover za kale zataka mpira wa ndani, kwa maana haziwezi kuzuia upepo peke yake. Nunua mpira wa ndani mpya pamoja na tairi jipya, wa kipimo kile kile. Kabla ya kuutia, safisha ringi iwe haina kutu wala ncha, na kubandua karatasi zote zilizogandishwa ndani ya tairi. Karatasi moja yatosha kuusugua mpira wa ndani mpaka utoboke. Nyunyiza unga wa talki, ili usishikamane na tairi.

Jeepu nyingi za vita zina ringi ya vipande viwili vilivyounganishwa kwa nati. Hapo tahadhari kuu! Toa upepo wote kwanza, utoe hata moyo wa valvu, ndipo uguse nati hizo. Anayezilegeza tairi likiwa na upepo hupigwa na chuma kwa nguvu ya bomu. Wako mafundi waliokufa hivyo.

Upepo upime asubuhi, tairi likiwa baridi, kwa kufuata kitabu. Vipimo vya kale vimeandikwa kwa paundi. Jua kwamba paundi 14 na nusu ni sawa na bar 1. Upepo ukipungua, nyuzi za mshazari husuguana mno na kuungua ndani kwa ndani. Katika tope au mchanga waweza kuupunguza kidogo ili tairi lilale vizuri, lakini usizidishe, maana tairi huzunguka juu ya ringi na kung'oa valvu. Ukitoka, uujaze tena kabla ya kukimbia. Basi pampu iwemo garini siku zote.

Sheria iliyo juu ya zote

Sasa twarudi kwa neno la fundi wa Kadutu. Tairi la radiali lashika njia kwa nguvu. La mshazari huteleza kidogo kwanza. Ukiweka radiali mbele na mshazari nyuma, katika kona mbele itashika na nyuma itakimbia. Gari litazunguka kama pia, na dereva hatapata nafasi ya kulirudisha. Ndivyo ilivyokuwa Ngomo. Kadiri matairi ya mbele yalivyokuwa mazuri, ndivyo hatari ilivyozidi. Sheria ya Uingereza yakataza kabisa kuweka radiali mbele na mshazari nyuma. Tena yakataza kuchanganya namna mbili katika ekseli moja.

Kwa gari la magurudumu manne yenye nguvu pana sababu ya pili. Jeepu na Land Rover hizo hazina difu ya katikati. Ukitia nguvu ya mbele, ekseli mbili zafungwa pamoja, nazo lazima zizunguke sawa. Matairi ya mbele yakiwa na kimo kingine kuliko ya nyuma, ekseli hushindana, kila moja ikimvuta mwenziwe. Mahali pa utelezi hutaona neno; penye ardhi ngumu vyuma vya ndani hujipinda mpaka kimoja kivunjike.

Kwa hiyo sheria ni fupi: matairi yote manne yawe ya namna moja, kipimo kimoja na meno ya aina moja, na la tano, lile la akiba, liwe ndugu yao. Kama fedha zako zatosha matairi mawili tu, ngoja. Gari lililosimama uani halimdhuru mtu.

Mjomba alingoja. Kwa miezi minne Land Rover ilikaa juu ya matofali, na majirani walinung'unika, kwa maana walizoea kupandishwa. Yeye aliuza ng'ombe mmoja, akanunua matairi matano ya mshazari, 6.00-16, yenye meno ya kadiri, na mipira mitano ya ndani. Kabla ya kulipa aliyasoma yote, moja moja, amevaa miwani yake. Mwenye duka akamwuliza kwa mzaha: "Mzee, watafuta jina lako?" Mjomba akamjibu: "Natafuta umri wake. Wangu naujua."

Kilometa za kwanza alikwenda polepole, kwani uso wa tairi jipya huteleza mpaka utando wa kiwandani uishe. Kisha akashuka tena Ngomo, nami nikiwa kando yake. Usukani ulitangatanga kidogo, ndiyo desturi ya mshazari, naye aliurudisha kwa vidole kama mtu anayemwongoza mbuzi mzee. Tulipofika kona ile, alipunguza mwendo kuliko ilivyohitajika, wala hakusema neno. Mkewe, aliyeketi nyuma na wajukuu, akauliza: "Ni hapa?" Mjomba akajibu: "Ni hapa, mama. Tumekwisha kupita."

Haya, wasomaji. Kesho mtakapopanda gari la mtu, inameni kidogo kabla ya kuingia, mtazame mbavuni: kistari au R? Sawa mbele na nyuma? Nyufa zipo? Dereva akiwacheka, mwacheni acheke. Tahadhari kabla ya athari.